Kupanga Nyumba Mwanza kwa Mtu Anayehamishwa Mara kwa Mara

Mtu ambaye kazi yake inaweza kumtoa Mwanza leo na kumpeleka Bukoba, Musoma au Nansio mwezi ujao hapangi nyumba kwa vigezo vya mtu aliyekuja kukaa. Aliyekuja kukaa huanza kwa kuuliza vyumba ni vingapi na kodi ni kiasi gani. Wa kuhamahama anapaswa kuanza kwa kuuliza atatokaje: atarudishiwa nini akiondoka mapema, vyombo vitashukaje, na deni la maji litabaki kwa nani. Mwongozo huu nimewaandikia walimu, wauguzi, watumishi wa benki, wakaguzi, mafundi wa minara ya simu na wafanyakazi wa miradi ambao Kanda ya Ziwa nzima ndiyo ofisi yao. Mimi mwenyewe nimehamishwa mara tano katika miaka tisa, mara mbili kati ya hizo nikirudishwa Mwanza, na mengi ya ninayoyaeleza hapa niliyajua baada ya kuyalipia.

Hatua ya kwanza: Pima muda wako kabla ya kupima nyumba

Muulize msimamizi wako, tena kwa maandishi ikiwezekana, unatarajiwa kukaa kituoni kwa muda gani na ni nani mwenye uamuzi wa kukuhamisha. Jibu likiwa ni miezi michache, usihangaike na nyumba nzima. Gesti nyingi za mjini hukubali kukadiria bei ya mwezi kwa mgeni anayelipa kwa pamoja, na hata ukitaka kupanga baadaye, wiki mbili za kulala gesti hukupa nafasi ya kuitafuta nyumba bila presha ya mizigo iliyorundikwa stendi. Jibu likiwa ni mwaka au zaidi, chumba na sebule chenye choo na jiko ndani kinamtosha mtu mmoja, na ndicho kinachopata mpangaji mwingine haraka siku ukiondoka. Ukiambiwa “haijulikani”, na hilo ndilo jibu la kawaida, panga kana kwamba utaondoka baada ya miezi mitatu.

Mtumishi wa umma anayehamishwa kwa maslahi ya kazi ana stahiki zake, zikiwamo posho ya kujikimu, posho ya usumbufu na gharama za kusafirisha mizigo. Zidai, lakini usiziweke katika hesabu ya kodi ya kwanza, kwa sababu mara nyingi mtumishi hutangulia na posho hufuata kwa mwendo wake. Moja ya posho zangu ilinikuta nimekwishahamia kituo kingine.

Mwenye familia ana swali la ziada. Mwaka wa shule huanza Januari, na mtoto aliye darasa la nne, la saba, kidato cha pili au cha nne yuko kwenye mwaka wa mtihani wa taifa. Kwa familia ya namna hiyo, mara nyingi ni nafuu kuiacha Mwanza katika nyumba moja ya kudumu, yenye kodi ya wastani, na mzazi anayehamishwa akapanga chumba kimoja tu kituoni. Gharama mbili za kodi huonekana kubwa kwenye karatasi hadi utakapojumlisha sare mpya, michango ya shule mpya na gari la mizigo, yote hayo mara mbili kwa mwaka.

Hatua ya pili: Chagua barabara, kisha mtaa

Mwanza imebanwa kati ya ziwa na vilima vya mawe, na kwa hiyo watu wake wengi hupita katika barabara kuu tatu. Ya kusini, Barabara ya Kenyatta, hupita Mkuyuni, Butimba, Nyegezi, Mkolani na Buhongwa hadi Usagara, ambako njia ya Shinyanga huachana na ile ya Sengerema, Geita na Bukoba. Ya mashariki, Barabara ya Nyerere, hupita Mabatini, Buzuruga, Nyakato na Igoma, ikaendelea Kisesa, Magu, Bunda na Musoma. Ya kaskazini, Barabara ya Makongoro, hupita Kirumba, Kitangiri na Pasiansi kuelekea uwanja wa ndege.

Jiulize kazi yako inakutoa mjini kwa njia ipi. Mtu wa Geita na Sengerema anayepanga Igoma atalazimika kufika upande mwingine wa jiji alfajiri kabla safari yenyewe haijaanza, na mtu wa Magu na Bunda anayepanga Buhongwa atafanya vivyo hivyo kwa upande wa pili. Stendi kuu nazo ni mbili, Nyegezi kwa mabasi ya kusini na Nyamhongolo kwa yale ya upande wa Musoma, kwa hiyo umbali wa “stendi” hauna maana hadi useme ni stendi ipi.

Hesabu za upande wa kusini zimebadilika tangu Juni 2025, lilipofunguliwa Daraja la Kigongo–Busisi, linaloitwa pia Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3. Zamani, mtu aliyefanya kazi Sengerema alilazimika kuhamia huko, kwa sababu foleni ya kivuko ilikuwa na uwezo wa kula nusu ya siku. Sasa anaweza kuishi Buhongwa au Usagara, akaenda na kurudi, na uhamisho wa Sengerema haumlazimu tena kuvunja mkataba wa nyumba. Kwa kisiwa cha Ukerewe, ambako ndiko Nansio iliko, mambo hayajafika huko: kuna meli ya Mwanza kwenda Nansio, na kuna njia ya Bunda hadi Kisorya ambako unavuka kwa kivuko, na zote mbili zina ratiba zake. Anayepelekwa Nansio apange Nansio.

Hatua ya tatu: Utazame mlima, na ulitazame ziwa kwa makini zaidi

Dalali atakupandisha kilimani kwa maneno matamu kuhusu upepo. Upepo upo kweli, na kodi ya vilimani Igogo, Mabatini au Isamilo ya juu huwa chini kuliko ya bondeni kwa nyumba ya hadhi ileile. Lakini hesabu ngazi. Pale ambapo bajaji inaishia ndipo vijana wa kubeba watakapoanza kukutajia bei, na utawalipa siku ya kupanda na siku ya kushuka. Mtu anayehama mara moja katika miaka kumi anaweza kuumeza mzigo huo, lakini anayehama kila mwaka atajikuta akiilipa nafuu ya kodi kwa mabega ya wengine.

Bondeni kuna tatizo lake, nalo ni maji ya mvua. Nenda ukakague nyumba msimu wa vuli au masika, na kama umefika kiangazi, tazama kuta za nje kwa chini. Mstari wa rangi ya udongo unaokata ukuta kwa usawa uleule kuzunguka nyumba nzima ni alama ya mahali maji yaliposimama, na rangi mpya iliyopakwa hadi kwenye goti tu inaficha jambo hilohilo. Anayetazama nyumba karibu na Mto Mirongo awe mkali zaidi.

Kuhusu ziwa, sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Nyumba iliyo ndani ya eneo hilo inaweza kuwekewa alama ya kubomolewa ukiwa ndani, na mwaka 2020, ziwa lilipojaa kupita kawaida, nyumba nyingi za kando zilifikiwa na maji. Waliozoea mandhari ya Capri Point, mtaa wa kifahari kando ya ziwa, watanicheka, lakini ufukwe wa mtu wa kawaida una mbu, una dagaa wanaoanikwa mlango wa jirani, na kwa wenye watoto una kichocho, kwa sababu hakuna mzazi anayeweza kumzuia mtoto asiingie majini wakati maji yako hatua hamsini kutoka uani. Vilevile, pita mtaa wa Kirumba ulio karibu na Mwaloni asubuhi, wakati soko la dagaa na samaki limechangamka, kabla ya kuamua kama harufu hiyo utaizoea. Wengine huizoea. Mimi sikuizoea.

Hatua ya nne: Jaribu maji na umeme kwa mkono wako

Mji uko kando ya ziwa kubwa kuliko yote Afrika na bado kuna mitaa ambayo bomba hutoa maji kwa zamu. Usimuulize dalali kama maji yapo, kwa sababu jibu lake unalijua. Ingia uani uhesabu madumu. Nyumba yenye wapangaji watatu na madumu ya njano ishirini yaliyopangwa ukutani, yote yakiwa yamejaa, imekwishakujibu. Tazama kama kuna simtanki, kama bomba lake limeunganishwa kweli na nyumba au limewekwa kama pambo, na kama pampu inatumia umeme wa nani. Kisha rudi peke yako alfajiri, mwombe jirani akufungulie bomba, usikilize. Nyegezi niliwahi kukuta bomba lililotoa mluzi wa hewa kwa dakika nzima, likakohoa kijiko kimoja cha maji ya kahawia, likanyamaza. Jirani, mama mmoja aliyekuwa akifagia, akaniambia, “Baba, hapa tunakinga usiku wa Jumatano.” Dalali alikuwa ameniambia maji hayakatiki.

Omba kuona ankara ya mwisho ya MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza. Utaona jina la mteja, jambo linalokusaidia kujua kama mtu unayezungumza naye ana uhusiano wowote na nyumba hiyo, na utaona kama kuna deni. Deni la mpangaji aliyetangulia lisipoandikwa popote siku ya kuingia, mwezi wa pili litaanza kuitwa la kwako.

Kwenye umeme, nunua LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, ya shilingi elfu chache mbele ya mwenye nyumba, kwa namba ya mita hiyohiyo, na usome ujumbe wa risiti wote, si uniti peke yake. Ukiona fedha nyingi imekatwa na uniti ni chache, uliza: huenda mita ina deni linalokatwa kidogokidogo kila mtu anaponunua. Tangu 2021 kodi ya majengo nayo hukatwa kupitia LUKU, ilhali ni kodi ya mwenye nyumba. Kubalianeni mapema kama utaitoa kwenye kodi ya pango au utaibeba.

Mita ya kuchangia inahitaji tahadhari ya pekee. Mteja wa matumizi madogo hulipa Sh 100 kwa uniti, kabla ya kodi na tozo, kwa uniti 75 za mwanzo za mwezi, na kila uniti inayozidi hapo hulipiwa Sh 350. Wapangaji wanne kwenye mita moja ya kundi hilo huzimaliza 75 kabla mwezi haujafika katikati, na anayepiga pasi na kuchemsha maji kwa umeme huwapandishia bei wale wenye taa mbili na simu. Anayesafiri wiki mbili kati ya nne ndiye huumia zaidi, kwa kuwa mchango hugawanywa sawa kwa vichwa. Tafuta nyumba yenye mita yako mwenyewe, au walau mita ndogo inayosomwa kila mwezi mbele ya wote.

Hatua ya tano: Nunua uhuru wa kuondoka

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Sheria iliyokuwa ikidhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo mkataba wenu ndio unaowaongoza kuhusu kiwango na miezi ya malipo. Wenye nyumba wengi huomba miezi sita kwa mkupuo, wengine mwaka, na dalali huchukua kodi ya mwezi mmoja. Mwenye nyumba hana kosa kuomba. Kosa ni la mpangaji wa kuhamahama anayekubali bila kupiga hesabu.

Chukua mfano. Nyumba ya kwanza ni Sh 250,000 kwa mwezi, ikilipwa miezi sita, jumla Sh 1,500,000, na dalali Sh 250,000. Nyumba ya pili ni Sh 300,000, ikilipwa miezi mitatu mitatu, na dalali Sh 300,000. Ukikaa miezi sita kamili, ya kwanza itakuwa imekugharimu Sh 1,750,000 na ya pili Sh 2,100,000, yaani umepoteza Sh 350,000 kwa kuchagua ya pili. Ukihamishwa mwisho wa mwezi wa tatu bila kurudishiwa chochote, ya kwanza imekugharimu ileile Sh 1,750,000, wakati ya pili ni Sh 1,200,000. Sasa jiulize uwezekano wa uhamisho wako ni upi. Nilipopanga Mkolani sikujiuliza. Nililipa miezi sita, barua ya uhamisho ikaja mwezi wa tatu, na mwenye nyumba akaniambia kwa upole kabisa kwamba fedha ile ilikwishakuwa bati.

Kwa hiyo zungumza, tena uzungumze na mwenye nyumba mwenyewe na si dalali, ambaye hulipwa kwa mwezi wa kwanza na hajali wa saba. Mpe sababu ya kukubali: unalipa kwa benki tarehe isiyobadilika, hukai na kundi la watu, na utamletea mpangaji wa kukurithi kutoka ofisini kwako. Akikataa miezi mitatu, omba miezi sita yenye kipengele cha uhamisho. Maneno yake yanaweza kuwa hivi:

“Endapo mpangaji atahamishwa kikazi kabla ya muda wa mkataba huu kuisha, atatoa notisi ya maandishi ya siku thelathini akiambatisha nakala ya barua ya uhamisho. Mwenye nyumba atamrudishia kodi ya miezi ambayo haijatumika ndani ya siku thelathini tangu siku ya kukabidhiwa funguo, au atamruhusu kuleta mpangaji mwingine wa kumalizia muda huo kwa kodi ileile.”

Sehemu ya mwisho ndiyo inayofanya kazi zaidi. Mwenye nyumba ambaye amekwishatumia fedha yako hatakurudishia hata kama amesaini, lakini hatakuwa na sababu ya kumkataa mtu mwingine anayeingia badala yako, na wewe utalipwa na huyo anayeingia. Ndiyo maana katika hatua ya kwanza nilisisitiza aina ya nyumba inayopata mpangaji haraka. Nyumba kubwa ya vyumba vinne ukingoni mwa mji inaweza kuwa na mkataba mzuri sana na isipate wa kuirithi kwa miezi miwili. Malimbe na Nyegezi, karibu na chuo, vyumba hugombewa muhula unapoanza na hulala vitupu wanafunzi wakiwa likizo. Ukihamishwa wakati huo wa likizo utasubiri.

Mkataba uwe na nakala mbili, ushuhudiwe na mtu wa kila upande, utaje namba ya mita ya umeme na usomaji wa mita ya maji wa siku hiyo. Lipa kwa benki au kwa simu kwa jina lililo kwenye mkataba, na usilipe kwa jina la “mdogo wangu yuko Mwanza”. Ada ya kuonyeshwa nyumba ambayo madalali huomba ilipeni kwa makubaliano, nyumba ngapi na kwa siku ngapi, kabla ya kuanza kuzunguka.

Hatua ya sita: Jitambulishe mtaani

Wiki ya kwanza nenda ofisi ya serikali ya mtaa ukajiandikishe, ukiwa na kitambulisho na nakala ya mkataba. Ukiweza, pita hapo hata kabla ya kulipa, umuulize mwenyekiti wa mtaa nyumba ni ya nani na kama ina mgogoro wa mirathi, kwa sababu yeye ndiye aliyewasuluhisha mara ya mwisho. Ugomvi wa kodi ukizuka baadaye, safari huanzia hapohapo, ikaenda Baraza la Kata kwa usuluhishi, na ikishindikana Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Hatua ya saba: Miliki vyombo vinavyokunjika

Nunua kitanda cha kufungua kwa spana, meza ya kukunja, jiko la gesi la plati mbili, na mabegi badala ya kabati. Vyombo vyote vya mtu mmoja viingie kwenye kirikuu moja, lile gari dogo la mizigo. Vikihitaji lori la Fuso, umekwishakuwa mkazi. Kabla ya kuingiza kitu chochote kikubwa, pima mlango kwa futi kamba. Bukoba niliwahi kununua sofa ambalo liliingia kwa kung'olewa fremu ya mlango, na siku ya kutoka fundi alikuwa msibani, likabaki ndani na mpangaji aliyenifuata akalipata bure pamoja na sahani ya udongo ya bibi yangu niliyoisahau chini yake.

Hatua ya nane: Kabidhi nyumba kama ulivyoipokea

Barua ya uhamisho ikifika, andika notisi siku hiyohiyo, hata kama mwenye nyumba ni rafiki, na umwombe asaini nakala yako. Lipa ankara ya mwisho ya maji kwa namba ya malipo iliyo juu yake, utunze ujumbe wa risiti. Uniti za LUKU zilizobaki ziuze kwa anayeingia au ziache, lakini usiziache zikawa sababu ya kubishana mlangoni gari likiwa linanguruma. Piga picha za kila chumba, choo, vitasa, mita zote mbili, kisha pitieni nyumba pamoja na mwenye nyumba au mtu aliyemtuma kwa maandishi. Funguo zikabidhiwe kwa karatasi yenye tarehe, idadi ya funguo na saini mbili, kwa kuwa siku thelathini za kurudishiwa kodi yako zinaanza kuhesabiwa kutoka kwenye tarehe hiyo, nawe wakati huo utakuwa ng'ambo ya Busisi.